Kuuza kratom Texas bila kesi: mwongozo wa anayesimama kaunta

Texarkana ni mji mmoja wenye majimbo mawili. Barabara ya State Line inaupasua katikati, na hata jengo la posta na mahakama ya shirikisho limekalia mpaka, nusu Texas, nusu Arkansas. Simama upande wa magharibi na pakiti ya unga wa kratom, majani yaliyosagwa ya mti wa Asia, mkononi: hiyo ni bidhaa ya dukani, anauziwa yeyote aliyetimiza miaka 18. Vuka barabara na pakiti ile ile na risiti yake, tayari umebeba dawa ya kulevya ya Jedwali la Kwanza, kundi moja na heroini. Arkansas waliipiga marufuku mwaka 2016.

Kwetu jambo hili si geni. Maua, kule Meru, miraa hupakiwa mchana kweupe na serikali ya Kenya inaitambua kuwa zao la biashara. Ifikishe Namanga upande wa Tanzania, inaitwa mirungi na unasimama kizimbani kwa dawa za kulevya. Aliyekua akiona hayo ana nusu ya somo tayari.

Nawaandikia wenzangu wa Kitanzania, Kikenya, Kikongo na Kirundi wanaouza kwenye sheli na maduka ya sigara Dallas, Houston, Fort Worth, Abilene na kwingineko Texas. Wengine mmeajiriwa zamu ya usiku, wengine mmeshafungua duka lenu. Bosi anaweza kuwa amelala nyumbani kwake. Anayeombwa ile pakiti ya kijani nyuma ya kioo saa nane za usiku ni wewe. Sikushawishi uiuze wala uiache. Ukiamua kuiuza, usiuze kitu usichoweza kusoma karatasi zake. Mimi si wakili, na likitokea jambo zito utamhitaji wakili wa kweli. Haya ni yale ambayo mtu wa kaunta anaweza kuyafanya mwenyewe.

Kwanza, jani lenyewe

Kratom ni mti wa jamii moja na mbuni, kwa jina la kitaalamu Mitragyna speciosa. Unaota Thailand, Malaysia, Indonesia na nchi za jirani. Wakulima wa huko hutafuna jani bichi au hulichemsha kama chai ili kazi isiwachoshe, kama mlinzi wa Mombasa anavyokesha na miraa shavuni. Unga mwingi unaofika Marekani hutoka Kalimantan Magharibi, Indonesia.

Ndani ya jani mna alkaloidi nyingi, yaani kemikali za mmea zinazofanya kazi mwilini, ila sheria zinazungumzia mbili. Ya kwanza ni mitraginini, ambayo ndiyo nyingi. Ya pili ni 7-hidroksimitraginini, ambayo kwenye jani ni chembe tu, lakini nguvu yake ni kubwa zaidi, na hushika sehemu zile zile za ubongo zinazoshikwa na mofini. Kwenye pakiti na vyeti utaiona kwa kifupi: 7-OH. Zishike alama hizo, zitarudi mara nyingi huko chini.

Hatua ya 1: Jua uko chini ya sheria zipi

Ziko tatu, moja juu ya nyingine.

Ya juu ni ya shirikisho. Mwishoni mwa Agosti 2016 idara ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, ilitangaza kwamba inataka kuiingiza kratom kwenye Jedwali la Kwanza nchi nzima. Watumiaji wakapiga kelele, saini zaidi ya laki moja zikakusanywa, wabunge wakaandika barua, na Oktoba mwaka huo huo DEA ikalifuta tangazo lake. Ndiyo maana jani lenyewe halimo kwenye orodha ya shirikisho. Lakini mamlaka ya chakula na dawa, FDA, haijawahi kuibariki. Msimamo wake ni kwamba kratom haiuziki kihalali kama dawa, wala kama kirutubisho, wala kama kiungo cha chakula, na mizigo inayotoka nje inaweza kuzuiwa bandarini bila hata kufunguliwa. Kama kuna shemeji anayekushawishi mchange hela muagize magunia kutoka Indonesia, msomee aya hii.

Ya kati ni ya jimbo, na hapo ndipo penye kazi yako. Utah walianza mwaka 2019 na sheria ya kumlinda mtumiaji wa kratom: iuzwe, lakini kwa masharti. Georgia, Arizona na Nevada wakafuata mwaka ule ule, kisha wengine wengi. Texas walipitisha yao mwaka 2023. Wengine walikwenda njia nyingine kabisa. Alabama, Arkansas, Indiana, Vermont na Wisconsin waliipiga marufuku, na jirani zetu wa Louisiana wakaungana nao kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Rhode Island walirudi nyuma: baada ya marufuku ya miaka kadhaa, walipitisha sheria ya kuruhusu mauzo yenye masharti kuanzia Aprili 2026. Umri nao hautulii. Texas ni 18. Florida, Colorado na Virginia ni 21. Georgia ilikuwa 18 ikapanda hadi 21 mwanzoni mwa 2025, na juu ya hapo bidhaa lazima ikae mahali mteja hawezi kujichukulia.

Ya tatu ni ya mji au kaunti, na hii ndiyo inayosahaulika. Kaunti ya Sarasota, Florida, iliipiga marufuku mwaka 2014, ingawa sheria ya jimbo la Florida inaruhusu kumuuzia mwenye miaka 21. Mji wa San Diego nao una marufuku yake ndani ya California.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Fungua tovuti ya bunge la jimbo na utafute maandishi ya sheria yenyewe. Kwa Texas tafuta SB 497 (mswada wa Seneti namba 497) ya mwaka 2023, ambayo sasa ni Sura ya 444 katika sheria za afya na usalama za jimbo, inayotumika tangu tarehe 1 Septemba 2023. Ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Kisha piga simu ofisi ya mji wako uulize kama kuna kanuni ya ziada. Zile ramani za kijani na nyekundu zinazosambazwa na wauza jumla usizitegemee: nyingi hazina tarehe, na anayezichora ana mzigo wa kuuza.

Hatua ya 2: Tenganisha vilivyopo kwenye rafu

Hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu makosa mengi huanzia hapa. Mteja akisema "nipe kratom", kwenye rafu moja kunaweza kuwa na vitu vinne tofauti.

Kuna unga wa majani uliosagwa, wa kijani unaokaribia rangi ya mlenda mkavu, kwenye mifuko ya gramu au kwenye kapsuli. Kuna kinywaji kilichokamuliwa, kichupa kidogo kama cha dawa ya kikohozi, chenye mitraginini nyingi kuliko unga. Hivi viwili, vikiwa na karatasi zake, ndivyo sheria ya Texas ilivyovikusudia.

Cha tatu ni vidonge, peremende na vichupa vya 7-OH. Maandishi ni ya kung'aa, namba kubwa mbele: miligramu 10, 15, 30. Hicho hakijatoka kwenye jani kwa kiasi hicho. Kimetengenezwa maabara kwa kuibadilisha mitraginini. Julai 2025 FDA ilitangaza hadharani kwamba inapendekeza 7-OH iliyokolezwa iingizwe kwenye orodha ya shirikisho ya dawa zinazodhibitiwa, na ilikuwa imeshaandikia kampuni kadhaa barua za onyo. Agosti mwaka huo mwanasheria mkuu wa Florida, James Uthmeier, akaipiga marufuku kwa kanuni ya dharura. Texas haikusubiri kanuni mpya, kwa sababu sheria yake ya 2023 ina mambo mawili yanayokikamata kidonge hiki: 7-OH isizidi asilimia 2 ya alkaloidi zote zilizomo kwenye bidhaa, na alkaloidi za kutengeneza haziruhusiwi. Namna ya kupiga hesabu hiyo iko hatua inayofuata.

Cha nne si kratom kabisa. Ni tianeptini, dawa ya sonona ambayo haijaidhinishwa Marekani, inayouzwa kwenye vichupa vinavyofanana sana na vya kratom na hukaa navyo bega kwa bega. Ukiiona, iondoe. Hakuna karatasi ya muuza jumla itakayokusaidia hapo.

Fanya hivi leo: chukua kikapu, shusha kila kitu cha rafu hiyo, usome nyuma ya kila pakiti. Ambacho hakitaji viungo vyake, kiende kwenye boksi la kurudishwa. Mimi nilipofanya mara ya kwanza nilibaki na nusu ya rafu tupu, na bosi akaniuliza kama tumeibiwa.

Hatua ya 3: Soma cheti cha maabara, na upige hesabu mwenyewe

Kila bechi (fungu lililotengenezwa pamoja) ya kratom inayojiheshimu ina cheti cha uchunguzi kutoka maabara isiyo ya mtengenezaji. Siku hizi pakiti nyingi zina alama ya mraba ya kupiga picha kwa simu, inakupeleka kwenye cheti. Ukishakifungua, usivutwe na muhuri. Angalia vitu vitano.

Namba ya bechi. Iliyo kwenye cheti lazima ifanane na iliyo kwenye pakiti, herufi kwa herufi. Hapa niliwahi kuumia. Mletaji mmoja alituachia katoni tatu na cheti safi kabisa; nikakipokea na kukiweka kwenye faili. Wiki mbili baadaye nikiwa sina kazi nikalinganisha: cheti kilikuwa cha bechi ya mwaka uliotangulia. Nilipompigia akasema, "Ndugu yangu, ni majani yale yale." Katoni zilirudi, na hela ya usafiri ikatoka kwetu.

Jina la maabara na ithibati yake. Tafuta maneno ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji. Kisha ingia tovuti ya maabara hiyo, au wapigie, uone kama cheti chenye namba hiyo ni chao kweli. Vyeti vya kuchonga kwenye kompyuta vipo.

Vijidudu. Mstari wa salmonela lazima useme haikuonekana. Si mapambo hayo: kati ya 2017 na 2018 salmonela kwenye bidhaa za kratom iliwaugulisha watu 199 katika majimbo 41, na Aprili 2018 FDA ikaiamuru kampuni moja iondoe bidhaa zake sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake kutumia nguvu hiyo ya kulazimisha.

Madini mazito, hasa risasi na nikeli. FDA ilivikuta vyote viwili kwa viwango vya juu katika sampuli ilizopima.

Mwisho, alkaloidi, na hapa toa kalamu. Chukua mfano wa unga ambao cheti kinasema: mitraginini miligramu 14.2 kwa gramu, jumla ya alkaloidi miligramu 21.5 kwa gramu, 7-OH miligramu 0.21 kwa gramu. Gawanya 0.21 kwa 21.5, zidisha kwa 100. Unapata kama asilimia 1. Iko chini ya 2, inapita.

Sasa chukua kidonge chenye uzito wa miligramu 1,000. Kipeperushi cha muuzaji kinajisifu: "7-OH asilimia 1.5 tu, tuko ndani ya sheria ya Texas." Mtu mvivu anaamini, kwa sababu 1.5 ni ndogo kuliko 2. Lakini asilimia hiyo ni ya uzito wa kidonge kizima, pamoja na unga wa kujazia na rangi. Asilimia 1.5 ya miligramu 1,000 ni miligramu 15 za 7-OH. Rudi kwenye cheti utazame jumla ya alkaloidi: miligramu 16. Kumi na tano gawanya kwa kumi na sita ni karibu asilimia 94. Sheria inapima 7-OH dhidi ya alkaloidi, haipimi dhidi ya kidonge. Ukikosea hapo, utauza kitu kilichopita kiwango mara arobaini na kitu huku ukijiona umefuata sheria.

Usichanganyikiwe na vipimo. Miligramu 14.2 kwa gramu ni sawa na asilimia 1.42, maabara nyingine huandika hivi, nyingine hivyo. Na kama cheti kimepima mitraginini na 7-OH peke yake bila jumla ya alkaloidi, omba kingine.

Hatua ya 4: Lebo

Texas inataka lebo iwe na maelekezo ya matumizi, pamoja na kiasi cha kutumia kwa mara moja. Majimbo mengine yanadai zaidi: kiasi cha mitraginini na 7-OH, jina na anwani ya mtengenezaji, onyo la umri. Mimi nadai yote hayo hata Texas, kwa sababu pakiti isiyoonyesha aliyeitengeneza itanishinda siku ya kuirudisha.

Maneno mawili ya kuyaogopa. La kwanza ni "si kwa matumizi ya binadamu". Mtengenezaji huliandika ili akwepe FDA, halafu wewe unaiuza kwa mtu anayekwenda kuinywa kwenye gari lake. Hilo linakusaliti badala ya kukulinda. La pili ni dai lolote la tiba: huponya maumivu, huondoa wasiwasi, hukuachisha pombe. Dai la tiba huigeuza bidhaa kuwa dawa isiyosajiliwa machoni pa FDA.

Hatua ya 5: Faili moja, karatasi zote

Nunua faili la kawaida. Kila mzigo unaoingia uwe na ukurasa wake: ankara ya muuza jumla, namba za bechi, vyeti vilivyochapishwa, tarehe, na jina la aliyepokea. Baadhi ya majimbo humsamehe muuzaji rejareja akithibitisha kwamba aliyaamini maelezo ya mtengenezaji kwa nia njema, na nia njema bila karatasi ni hadithi tu. Utah wamekwenda mbali zaidi: bidhaa husajiliwa kwa idara ya kilimo na chakula ya jimbo kabla haijafika rafuni. Texas haina usajili wa namna hiyo, kwa hiyo faili lako ndilo daftari pekee lililopo.

Na uwaulize wanaokuendeshea mashine ya kadi pamoja na kampuni ya bima. Baadhi hawataki kratom kabisa, na hugundua baada ya madai.

Hatua ya 6: Kwenye kaunta

Weka kratom nyuma yako, si karibu na pipi. Texas inataka miaka 18, lakini tumbaku na vepu ni 21, na mtu aliyechoka saa nane za usiku akikumbuka namba mbili atazichanganya. Duka letu liliamua 21 kwa vyote. Ni haki ya duka, na mabishano yamepungua.

Omba kitambulisho kila mara, hata kwa mwenye mvi ukiweza. Leseni ya Texas ya aliye chini ya miaka 21 imechapwa wima. Ikiwa imesimama, simama na wewe usome tarehe. Pasipoti ya Kenya au Kongo ni kitambulisho halali cha umri, usimfukuze mtu kwa sababu hana leseni ya hapa. Picha ya kitambulisho kwenye simu, hapana.

Adhabu ni hizi. Kuuza bidhaa isiyotimiza masharti kuna faini ya kiraia ya dola 250 kosa la kwanza, 500 la pili, na 1,000 la tatu na kuendelea. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, dogo kwa ngazi, lakini ni la mtu aliyeuza. Sahihi ya bosi haikufuti jina lako.

Halafu maneno ya mdomoni. Sheria ya madai ya tiba haiishii kwenye lebo. Kuna mzee wetu mmoja, dereva mstaafu, aliwahi kuniuliza:

"Mwanangu, hii inasaidia mgongo?"

"Shikamoo mzee. Hapo siwezi kukujibu, mimi nauza tu. Unatumia dawa zozote za hospitali?"

"Za presha, na moja ya usingizi."

"Basi usinunue leo. Mwulize daktari wako kwanza, umtajie jina hili hili, kratom."

Nilikosa mauzo ya dola 20, na mzee akanunua Fanta. Kratom juu ya dawa za usingizi, pombe au dawa kali za maumivu ndiyo mchanganyiko unaopeleka watu hospitali. Wapo pia walioharibika ini, waliopata degedege, na walioshindwa kuiacha. Mteja wa kila siku anayeongeza kiasi wiki kwa wiki utamjua tu, na huna wajibu wa kumuuzia.

Wanajeshi nao waambie ukweli. Vijana wetu wengi wameingia jeshini kwa ajili ya uraia, na wale wa kambi ya Killeen hupita kununua vitu wikiendi. Kratom imo kwenye orodha ya Wizara ya Ulinzi ya vitu ambavyo mwanajeshi haruhusiwi kutumia, hata kama dukani ni halali.

Hatua ya 7: Isivuke mpaka

Usitume kwa posta kwa mteja wa jimbo lingine kwa sababu tu amelipa. Na kama mteja wako ni dereva wa lori, mwulize anaelekea wapi. Barabara ya I-30 inatoka Dallas, inapita Texarkana, inaingia Arkansas hadi Little Rock. I-20 inamwingiza Louisiana. Pakiti iliyobaki nusu kwenye kabati la lori, aliyoinunua kihalali Mesquite, ni dawa ya kulevya maili chache baada ya kibao cha "Karibu".

Kwa asiye raia uzito ni mwingine. Kesi ya dawa za kulevya inaweza kugusa grini kadi, hata ikiwa wakili wa mahakama ya kaunti anasema "kubali tu, ni faini ndogo". Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya José Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakubali kosa. Padilla alikuwa dereva wa lori, amekaa Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kupigana Vietnam, na wakili wake alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi. Wake ulikuwa mzigo wa bangi, lakini ushauri unabaki: usikubali kosa lolote la jimbo kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji.

Hatua ya 8: Siku mambo yakiharibika

Ukisikia bidhaa imeamriwa iondolewe sokoni, itoe rafuni saa ile ile, ifunge kwenye boksi, andika "isiuzwe" kwa kalamu nene, na upige picha yenye tarehe. Usiitupe, mkaguzi au muuza jumla atataka kuhesabu.

Mkaguzi akija, mkaribishe, mwombe kitambulisho chake, andika jina na saa, mpe faili. Jibu unachoulizwa. Usichokijua sema hukijui, na mpigie mwenye duka akiwa bado yupo. Akichukua sampuli, omba risiti ya alichochukua.

Mteja akizidiwa mbele yako, amelegea, hapumui sawasawa, piga 911 kwanza kabla ya bosi. Ukiwa na naloksoni, ile dawa ya kupuliza puani inayozima nguvu ya afyuni, mpulizie. Alkaloidi hizi zinashika palepale zinaposhika dawa za afyuni, na haitamdhuru kama tatizo ni jingine. Wahudumu wakifika wape pakiti yenyewe, si maelezo tu. Kwa swali lisilo la dharura, mathalani mtoto amelamba unga kidogo, kituo cha taifa cha sumu kinapokea simu usiku na mchana, bure, kwa 1-800-222-1222, na unaweza kuomba mkalimani.

Hatua ya 9: Weka tarehe kwenye kalenda

Bunge la Texas hukaa miaka isiyogawanyika kwa mbili, linaanza Januari kwa siku 140, na sheria nyingi mpya huanza Septemba mosi. Maana yake ukaguzi wako wa rafu una ratiba: Januari 2027 fungua tovuti ya bunge, andika neno kratom kwenye kisanduku cha kutafutia, uone miswada iliyowasilishwa. Rudia Juni, gavana akishasaini au kukataa. Rudia tena wiki ya mwisho ya Agosti, siku chache kabla ya mosi, na siku hiyo beba kile kikapu.